Waya wa Njano wa Redio si Waya wa Njano wa GPS

BARUA

Kaka mshauri, naishi Goba Kinzudi, nina Toyota Crown ya mtumba kutoka Japani ambayo naikodisha kwa maharusi, ikiwa na dereva. Kwa kuwa gari linatembea bila mimi, nilifungiwa GPS yenye laini ya simu ili nione lilipo, na nikiibiwa niweze kulizima.

Tangu hapo sina raha. Fundi wa kwanza aliiunga nyuma ya redio. Gari likitembea naliona vizuri kwenye simu, likizimwa tu linapotea kabisa, na usiku ndipo ninapohitaji kujua lilipo. Fundi wa pili akabadilisha waya. Sasa halipotei, ila nikiliegesha Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi betri imelala. Huyo ndiye aliyefunga pia sehemu ya kukata mafuta. Alinielekeza kwamba vitufe kwenye simu viko kinyume: nikibonyeza "kata" gari linawaka, nikibonyeza "rejesha" linazima. Nikakubali, maana lilikuwa linafanya kazi. Majuzi dereva alikuwa anateremka kutoka Goba kwenda Tangi Bovu, injini ikazima yenyewe. Usukani ukawa mzito, breki ngumu. Mungu alisaidia akalitoa pembeni. Baada ya muda mfupi likawaka kama hakuna kilichotokea.

Fundi wa tatu anasema dawa ni kuachana na waya za redio. Gari lina kitufe cha SOS darini na ndani ya dashibodi kuna kisanduku cha Wajapani anachokiita simu ya gari. Anataka akitoe atumie soketi yake, kwa kuwa tayari ina umeme, ethi, antena na maiki. Je, ni sawa? Na hicho kitufe cha SOS, hakiwezi kufufuliwa kwa laini ya hapa? Halafu laini iliyomo kwenye GPS ni ya fundi wa pili, alisema ndivyo rahisi. Naomba msaada.

Mama wa Crown, Goba Kinzudi

JIBU

Dada yangu, nashukuru umeandika kwa kina. Hilo la vitufe vilivyo kinyume, ulilolitaja kwa kupita, ndilo lililonionyesha kosa lilipo, na ndilo lililokaribia kumwua dereva wako. Kwa hiyo naanza na agizo, maelezo yatafuata: gari hilo lisibebe mtu mpaka sehemu ya kukata mafuta itolewe na waya wa pampu ya mafuta uunganishwe tena kama ulivyotoka kiwandani. Kwa fundi anayejua umeme wa magari ni kazi ndogo. GPS yenyewe inaweza kubaki ndani ya gari wakati ukijipanga.

Sasa itazame hiyo sehemu ya kukata mafuta, yaani rilei aliyoifunga fundi wa pili. Ni kiboksi cheusi chenye miguu mitano, na kila mguu una namba yake: 30, 85, 86, 87 na 87a. Namba hizo hazikubuniwa dukani. Zinatoka katika kanuni ya Kijerumani iitwayo DIN 72552, ndiyo maana rilei ya aina hiyo ukiinunua Kariakoo, Mombasa au Hamburg utazikuta namba zilezile, na kazi zake zilezile. Mguu wa 85 na wa 86 ni ncha mbili za koili. Mguu wa 30 ndio unaopokea umeme unaotaka kuuruhusu au kuuzuia. Koili ikiwa haina umeme, 30 imeshikana na 87a. Koili ikipata umeme, 30 inaiachia 87a na kuishika 87.

Pampu ya mafuta ilitakiwa kupita kati ya 30 na 87a. Hapo gari linaishi maisha yake ya kawaida, koili imelala, na siku utakapotuma amri ya kukata ndipo koili inapoamka na kuachanisha waya. GPS ikifa, ikiishiwa bando au waya wake ukichomoka, gari linaendelea kutembea. Fundi wako ameutumia mguu wa 87. Maana yake ni kwamba ili pampu ifanye kazi, koili lazima iwe na umeme kila dakika, na ili koili iwe na umeme, GPS lazima iwe imeamriwa "kata" muda wote. Vitufe havikugeuka kwa bahati mbaya. Vimegeuka kwa sababu rilei imegeuzwa.

Ukiyaelewa hayo, mteremko wa Tangi Bovu hauna fumbo tena. Kiungo kimoja kilichosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu kinatikisika kwenye tuta, au GPS inajizima na kujiwasha yenyewe kama vifaa hivi vinavyofanya mara nyingine, koili inaachia, pampu inasimama. Injini ikizima, usukani unapoteza msaada wake, na breki inabaki na nguvu ya kukanyaga mara chache tu kabla ya kuwa ngumu. Kisha kiungo kinatulia, GPS inaamka, na gari linawaka. Dereva wako hakukosea chochote. Ningependa umwambie hivyo.

Betri nayo inaliwa na kosa hilohilo. Koili ya rilei ya kawaida ya volti 12 hula takriban miliampea 150. Kama fundi ameilisha kutoka umeme wa kudumu, na dalili zako zinaonyesha ndivyo, inakula hivyo mchana na usiku hata gari likiwa limefungwa. Juu yake kuna GPS ambayo hailali, nitakayoieleza chini, na hiyo tuiwekee miliampea 80. Jumla ni 230, sawa na ampea-saa tano na nusu kwa siku. Kutoka Ijumaa saa moja jioni hadi Jumatatu saa moja asubuhi ni saa 60, kwa hiyo karibu ampea-saa 14 zimeondoka. Betri mpya yenye ampea-saa 45 ingeweza kuvumilia na bado ikapiga stata. Betri iliyochoka kwa joto la Dar es Salaam, yenye nusu tu ya uwezo wake, haivumilii. Ipime betri pia, lakini usiinunue mpya kabla ya kurekebisha waya, maana nayo utaichosha vilevile.

Nirudi kwa fundi wa kwanza, kwa sababu kosa lake linafanywa kila siku na watu waaminifu kabisa. Redio za kununua dukani zina desturi ya rangi ambayo mafundi wote wanaijua: njano ni umeme wa kudumu kutoka betri, nyekundu ni umeme unaokuja ukifungua swichi, nyeusi ni ethi. GPS nyingi za Kichina zinazofungwa mjini kwetu zina desturi nyingine. Huko nyekundu ndiyo ya umeme wa kudumu, ya chungwa ndiyo inayosikiliza swichi, nyeusi ni ethi, na njano haipokei umeme kabisa, bali ndiyo inayotoa amri kwa rilei. Fundi aliyezoea redio akaona nyekundu na nyekundu, akaziunga. Basi kila swichi inapozimwa, GPS inanyimwa chakula na gari linatoweka kwenye simu yako. Kama angeunga na njano kwa njano, ile transista ndogo ya ndani inayovuta rilei ingeungua siku ya kwanza utakapotuma amri.

Fundi wa pili aliona tatizo akalitibu kwa kuzidisha. Aliupeleka waya mwekundu kwenye umeme wa kudumu, hapo alikuwa sahihi, lakini inaelekea aliuchukua na ule wa chungwa akaupeleka palepale. Kwa GPS, waya wa chungwa wenye umeme maana yake ni kwamba gari liko safarini. Kwa hiyo inakaa macho, inatafuta setilaiti na kutuma taarifa kila baada ya sekunde chache, usiku kucha, gari likiwa limeegeshwa uani kwako. Ukitaka kuhakikisha, fungua programu ya simu gari likiwa limezimwa. Kama inaandika kwamba swichi iko wazi, nimepatia.

Unaona basi kwamba rangi haisemi kazi ya waya. Na ukivua redio ya Toyota yenyewe utakutana na lugha ya tatu: kwenye plagi ya kawaida ya Toyota, bluu yenye mstari wa njano ndiyo umeme wa kudumu, kijivu ni ACC (umeme wa swichi unaolisha redio), kahawia ni ethi, kijani ni taa za dashibodi. Magari mengi ya Ulaya yalikuja na soketi ya ISO 10487, ambako kinachohesabika ni nafasi ya pini: A4 umeme wa kudumu, A7 wa swichi, A8 ethi. Hata huko Volkswagen waliziweka A4 na A7 kinyume kwa miaka mingi, ndiyo sababu waya za viunganishi vya redio huja na plagi ndogo mbili nyekundu na njano unazoweza kuzibadilisha nafasi. Crown yenye navigesheni ya kiwandani ina plagi nyingi nyuma yake, na mtu mwingine huko Japani au bandarini anaweza kuwa alishazigusa kabla yako. Mchoro wa gari husika ndio unaoanza, maltimita ndiyo inayothibitisha, rangi inakuja mwisho kabisa.

Kupima kwenyewe si kazi ya siri, na ninakusihi usimame pembeni uone ikifanyika. Ncha nyeusi ya maltimita iwekwe kwenye hasi ya betri, nyekundu iguse waya unaoulizwa. Waya wa umeme wa kudumu utaonyesha volti 12 na ushee funguo ikiwa popote. Wa ACC utaonyesha 12 redio inapowaka na sifuri gari likizimwa. Wa IG, yaani wa swichi ya injini, utaonyesha 12 pale tu taa za dashibodi zinapowaka. Kwa ethi, washa taa kubwa za mbele kisha pima kati ya hasi ya betri na boliti unayotaka kuitumia. Ikizidi sehemu moja ya kumi ya volti, boliti hiyo ina kutu au rangi, tafuta nyingine. Fundi akitoa ile bisibisi yenye taa ya balbu aanze kuchoma waya mmojammoja, mkatalie. Balbu inavuta umeme mwingi kuliko zinavyostahimili waya za kompyuta za gari.

Sasa GPS yako iungwe hivi. Nyekundu iende kwenye umeme wa kudumu, kupitia fyuzi ya ampea 2 iliyo karibu kabisa na mahali umeme unapochukuliwa, ili waya ukichubuka popote mbele yake fyuzi ikatike kabla moto haujaanza. Nyeusi iende kwenye boliti ya bodi uliyoipima, si kwenye ethi ya redio. Ya chungwa iende kwenye IG. Wengine huipeleka ACC na haidhuru sana, ila mimi napendelea IG, kwa sababu dereva akikaa kusubiri maharusi huku anasikiliza redio, GPS itadhani yuko safarini. Kabla ya yote, soma karatasi iliyokuja na kifaa chako, kwa kuwa rangi nilizozitaja ni za vifaa vingi, si vyote. Kama karatasi imepotea, jina la modeli limeandikwa mgongoni na mchoro wake hupatikana kwa muuzaji.

Viungo ndivyo ninavyovipigania kuliko vyote. Goba yetu ina vumbi la kiangazi, kisha inakuja masika, na unyevu wa pwani haupumziki hata siku moja. Shaba iliyosokotwa na kufunikwa tepu inaota kutu ya kijani, gundi ya tepu inayeyuka kwa joto la dashibodi, na baada ya miezi unapata kiungo kinachofanya kazi kikipenda. Waya uchomelewe kwa risasi na kuvikwa mrija unaosinyaa kwa moto, au ubanwe kwa kiunganishi cha kubana kwa koleo lake maalumu, kisha ufungwe kwenye kifurushi cha waya cha gari usining'inie. Vile viunganishi vya plastiki vya bluu vinavyouma waya bila kuumenya, vyenye haraka sana, usivikubali ndani ya gari linalopita barabara za vumbi.

Kifaa chenyewe kikae chini ya plastiki ya dashibodi, upande wenye antena ya GPS ukitazama juu, pasiwe na bati juu yake. Kikifichwa chini ya chuma kitapata mtandao wa simu lakini hakitaziona setilaiti, na utaletewa ramani inayosema gari liko Salasala wakati liko mlangoni kwako. Kwenye mabonde ya Goba kuna sehemu mtandao unapungua, na hapo usishtuke: kifaa kizuri huhifadhi alama za njia na kuzituma kikipata mnara. Ukisikia spika za redio zikitoa ule mlio wa kukoroma unaosikika simu inapotaka kuita, ujue waya za spika ziko karibu mno na kifaa. Ni mtandao wa 2G unaotuma kwa mapigo 217 kila sekunde, na waya wa spika unayadaka. Sogeza kifaa kidogo tu, litaisha.

Ulitaka uweze kulizima gari likiibiwa. Uwezo huo unaweza kuwa nao bila kuweka roho ya mtu rehani. Usikate pampu, kata stata. Gari linalotembea halitazimika kamwe kwa kosa la GPS, ila mwizi akilizima hawezi kuliwasha tena. Rilei iwe kwenye waya mwembamba unaoiamrisha rilei ya stata, si ule mnene unaotoka betri. Upitie 30 na 87a. Mguu wa 86 ulishwe kutoka IG ili koili isiweze kula betri gari likiwa limelala, na 85 uende kwenye waya wa njano wa GPS. Kati ya 85 na 86 iwekwe diodi kama 1N4007, mstari wake ukielekea 86, maana koili inapoachia hurusha umeme wa nyuma unaoweza kuua transista ya GPS. Zipo GPS zinazokubali amri ya kukata pale tu setilaiti zinaposomeka na mwendo uko chini ya kilomita 20 kwa saa. Ni ulinzi mzuri, lakini usiutegemee peke yake, kwa kuwa rilei iliyofungwa kinyume kama yako inauruka ulinzi huo wote.

Kuna watakaokushauri GPS ya kuchomeka tu kwenye soketi ya kupimia gari, iliyo chini ya usukani. Ile soketi ya pini 16 ni nzuri kwa kuwa nafasi zake hazibadiliki: pini ya 16 ni umeme wa kudumu, ya 4 na ya 5 ni ethi, na mafundi wetu wa Toyota wanaijua vizuri kwa kule kuunganisha 4 na 13 kwa kipande cha waya ili taa ya injini ipepese kosa. Kwa gari la familia inafaa. Kwa gari la kukodisha, mwizi anaichomoa kwa sekunde moja.

Tuje kwenye kisanduku cha Wajapani. Fundi wako wa tatu amekitambua sawasawa, ni simu ya gari kweli. Toyota wanakiita DCM, na huduma iliyokuwa ikikitumia, G-BOOK, ilianza Japani mwaka 2002. Kilizungumza kwa mtandao wa CDMA wa kampuni ya KDDI. Huo si mtandao wa GSM ambao laini zetu zinautumia. Hapa kwetu TTCL na Zantel waliwahi kuwa na simu za CDMA, nazo zimekwisha. KDDI ilizima mtandao wake huo tarehe 31 Machi 2022, na siku hiyohiyo Toyota wakaifunga G-BOOK. Kitufe cha SOS kilikuwa kikipigia kituo cha HELPNET hukohuko Japani. Kisanduku hakina mahali pa kuingizia laini yako, na hata kingekuwa napo, redio yake haiwezi kuongea na minara yetu. Kama Crown yako ni ya kuanzia Juni 2018 kisanduku ni cha kizazi kipya zaidi, lakini mkataba wake nao ni wa Japani. Kifunike kitufe hicho kwa kibandiko kisicho na maandishi, ili mgeni aliyepata ajali asikibonyeze akisubiri msaada ambao hautakuja. Msaada wa hapa ni 112, na dereva wako awe nayo kichwani.

Na soketi yake je? Jibu langu ni hapana, na hapo nina msimamo. DCM imeunganishwa na kompyuta ya mifuko ya hewa ili gari likigonga lipige simu lenyewe. Katika magari karibu yote plagi na waya za mifuko hiyo zimefanywa njano makusudi, iwe onyo. Mtu anayechomachoma waya humo akitafuta umeme anaweza kulipua mfuko wa hewa usoni mwake, au kuuacha umekufa bila wewe kujua. Toyota wenyewe wanawaagiza mafundi wao watoe hasi ya betri na kusubiri sekunde 90 kabla ya kugusa chochote cha mfumo huo. Antena yake haitakusaidia kwa GPS yenye antena ndani, na kama una kifaa chenye antena za nje, ujue antena ya setilaiti hupelekewa umeme mdogo kupitia waya wake wenyewe wakati ya simu haipelekewi, kwa hiyo kuzibadilisha kunaua moja. Kwa wenye magari ya Ulaya, plagi za antena za FAKRA zimerahisisha jambo: bluu ni ya setilaiti, rangi ya damu ya mzee ni ya simu. Na maiki hiyo hutaihitaji. GPS nyingi zinaweza kusikiliza sauti za ndani ya gari, lakini watu wanaolipa kukodi Crown yako kwa siku yao ya harusi hawajakupa ruhusa ya kuwasikiliza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu wewe pia. Mwambie dereva kwamba gari linafuatiliwa, liandike hilo kwenye karatasi ya mkataba wa wateja, na maiki iache bila kuungwa.

Limebaki jambo la laini, nalo nakuomba ulifanye leo, hata kabla fundi hajaja. Mwenye laini ndiye mwenye gari. Fundi wa pili akigombana nawe, au akipoteza simu yake, au laini ikifungwa kwa kutotumika, Crown yako inaongozwa na mtu usiyemjua. Nenda kwenye duka la mtandao wenye nguvu kule Kinzudi, eleza kwamba laini ni ya kifaa, uisajili kwa alama zako za vidole na namba yako ya NIDA. Kisha piga *106# uhakikishe namba zilizosajiliwa kwa jina lako ndizo unazozijua. Ondoa PIN ya laini kabla ya kuiingiza, weka APN (jina la njia ya intaneti) ya mtandao huo, na nunua bando la mwezi, kwa kuwa la siku likiisha usiku wa manane hutajua.

Nywila ya kifaa pia ibadilishwe. Mwezi Julai 2022 kampuni ya BitSight na shirika la serikali ya Marekani la usalama wa mitandao, CISA, walitangaza matundu makubwa katika GPS ya magari iitwayo MiCODUS MV720. Mojawapo ya waliyoyakuta ni nywila ya kiwandani 123456, ambayo wamiliki wengi hawakuibadilisha, na mtu aliye mbali angeweza kukata mafuta ya gari lisilo lake. Vifaa vingi vinavyouzwa kwetu hutoka na namba hiyohiyo.

Kazi ikiisha, usimlipe fundi mpaka mfanye kipimo kimoja pamoja. Gari lizimwe, milango ifungwe, funguo iwe mbali. Atoe hasi ya betri, aweke maltimita katikati kwenye nafasi ya ampea 10, mtu yeyote asijaribu kuwasha gari wakati huo, kisha msubiri kama nusu saa kompyuta zote zilale. Kipimo kikiwa chini ya miliampea 50, mpe chake na umshukuru. Kikizidi, achomoe fyuzi moja, mtazame, airudishe, achomoe nyingine, mpaka namba ishuke ghafla. Fyuzi iliyoishusha ndiyo yenye njia inayovuja, na mtaanzia hapo.